Kutoka Hame hadi Tuta: Jinsi Magugu ya Tarime na Serengeti Yalivyogeuka Mboga za Kupanda



Kwa kawaida tunazungumza hapa juu ya kazi za wiki: viwavijeshi kwenye mahindi, bei ya mbolea, lini upande maharage. Leo naomba turudi nyuma kidogo. Kila mvua za vuli zinapoanza, kuna swali naulizwa na wakulima wa pande zote mbili, wa milima ya Tarime na wa Mugumu kule Serengeti: "Bwana shamba, chinsaga si inaota yenyewe? Kwa nini nihangaike kuipanda?"

Ni swali la haki. Ukimjibu mtu kwa ratiba ya kupanda tu, hujamjibu. Jibu lake liko kwenye historia ya mmea wenyewe, na historia hiyo inakuhusu wewe na bibi yako kuliko inavyowahusu wataalamu.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka ya mwanzo ya kazi, nilitembelea shamba la mahindi la mama mmoja kwenye ukanda wa juu wa Tarime. Alikuwa amepalilia vizuri, lakini kila baada ya hatua chache aliacha mgagani umesimama katikati ya mistari, na pembeni mnavu umejaa. Nilimwambia palizi yake haijakamilika, nikaanza kung'oa mmoja ili nimwonyeshe. Akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "hayo unayoyang'oa ndiyo tunayokula tangu mvua zianze. Mahindi bado. Ukiyamaliza leo, jioni nitapika nini?"

Sikuwa na jibu. Chuoni nilikosoma, mgagani niliukuta kwenye somo la magugu. Kwenye somo la mboga nilifundishwa kabichi, karoti, vitunguu na nyanya. Hakuna aliyenidanganya. Ila hakuna aliyeniambia kwamba mmea mmoja unaweza kuwa kwenye masomo yote mawili.

MBOGA TUNAZOZIZUNGUMZIA

Nataja tatu hasa. Ya kwanza ni mgagani, ule wenye vijani vitano kama vidole na maua yenye nyuzi ndefu. Majirani zetu Wakisii huita chinsaga, Wajaluo huita dek au akeyo, na Kenya nzima sasa wanaujua kama saga. Ya pili ni mnavu, ambao Wajaluo huita osuga, Wakisii rinagu, na sokoni Nairobi managu. Ya tatu ni mlenda, apoth kwa Wajaluo, ule unaoteleza. Mchicha wa kienyeji, ule wenye miba midogo na ule usio na miba, ni ndugu yao katika historia hii.

Mgagani haukuanza kuliwa hapa kwetu peke yake. Washona wa Zimbabwe wanauita nyevhe, na kaskazini mwa Namibia wanauita ombidi na hukausha majani yake kwa ajili ya kiangazi. Kwa hiyo tunapouita "mboga ya kienyeji" tujue kwamba wenyeji wenyewe ni nusu ya bara hili.

SI MIMEA YA PORI KAMA TUNAVYODHANI

Watu husema mimea hii ni ya porini. Jiulize: mara ya mwisho ulipoingia kwenye pori lenyewe, lenye nyasi ndefu na migunga, uliona mgagani mwingi? Huenda hukuona hata mmoja. Mmea huu unaupata kwenye zizi la zamani, kwenye hame ambako watu walihama, pembeni ya jalala, na kwenye shamba lililolimwa.

Sababu yake ni rahisi. Mgagani, mnavu na mchicha ni mimea yenye njaa ya samadi na kiu ya jua. Haishindani na nyasi. Inahitaji mtu au mnyama aupasue udongo kwanza, kisha aache mbolea pale. Zizi lililokaa ng'ombe miaka kumi, likahamwa, ndilo shamba lake bora. Mvua ya kwanza ikinyesha pale, mbegu zilizolala kwenye udongo zinaamka kwa pamoja.

Ndiyo maana nchi yetu hii, ya wafugaji wanaolima na wakulima wanaofuga, imekuwa makao yake. Kwa Wakurya, Wangoreme, Wanata, Waikoma na Waishenyi, boma na zizi vilihama kila baada ya muda, na kila mahali palipoachwa palikuwa bustani isiyo na mpanzi. Wanawake walijua hame la nani lina mnavu mtamu na lipi lina mchungu. Hii ilikuwa kilimo bila jembe: binadamu na ng'ombe waliandaa udongo, mvua ikapanda, mama akavuna.

Kuna mboga nyingine iliyokwenda mbele zaidi kwenye njia hiyo hiyo. Ngogwe, au nyanya chungu, ilitokana na tunda dogo chungu la porini la hapa Afrika. Vizazi vya wakulima viliendelea kuchagua mimea yenye matunda makubwa na yasiyo machungu sana, hadi ikawa zao kamili. Hakuna kituo cha utafiti kilichofanya kazi hiyo. Ni watu waliokuwa wakitunza mbegu ya mmea walioupenda. Kwa hiyo kuipeleka mimea ya mahame kwenye tuta si jambo la kigeni, ni kumalizia safari iliyokwisha kuanza.

MIAKA YA NJAA

Umuhimu wa mboga hizi ulionekana zaidi pale kila kitu kingine kilipokwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini, uliangamiza mifugo. Mwaka 1892 mpelelezi kutoka Austria, Oscar Baumann, alipita kutoka nyanda za Ngorongoro kuvuka Serengeti hadi Ziwa Victoria. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1894 kinaeleza Wamasai waliobaki mifupa mitupu, wakizunguka kutafuta chochote cha kula. Ndui nayo ikafuata. Upande wa magharibi wa Serengeti watu walitawanyika, koo zikachanganyika, makazi mengi yakaachwa mahame.

Hapa ndipo kuna jambo la kufikirisha. Ng'ombe wamekufa, zizi ni tupu, lakini samadi ya miaka mingi iko pale pale. Mvua ikinyesha, zizi tupu linaota mboga. Mali ya mwenye ng'ombe imepotea, na mabaki yake yanalisha aliyebaki hai.

Ila kumbukumbu ya njaa ina madhara yake pia. Chakula kilichowaokoa watu wakati wa shida hubaki na jina la chakula cha shida. Hadi leo ukiingia kwenye nyumba fulani mgeni akaja, mama anaficha mlenda na kutuma mtoto dukani akanunue kitu "cha heshima". Aibu hiyo ina miaka zaidi ya 100, na ni sehemu ya sababu mboga hizi hazikupewa tuta mapema.

YALIVYOANDIKWA KATIKA VITABU VYA MAGUGU

Wajerumani walipofungua taasisi ya utafiti wa kilimo Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, kazi yake kubwa ilikuwa mazao ya kuuza ng'ambo. Waingereza waliporithi nchi waliendelea hivyo hivyo. Huku kwetu ilikuwa kahawa kwenye milima ya Tarime na pamba kwenye nchi ya chini. Shamba zuri lilikuwa shamba safi, na safi maana yake ni zao moja lililosimama kwenye udongo mtupu.

Haikuwa kwamba wasomi wa wakati huo hawakuijua mimea yetu. Mtaalamu wa mimea P. J. Greenway, aliyefanya kazi Amani, alitoa kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili mwaka 1937. Majina yaliandikwa. Lakini jina kuandikwa si sawa na mmea kupewa bajeti. Hakuna aliyekuwa akichagua mbegu bora ya mgagani au kupima samadi inayoutosha.

Mnavu ulikuwa na shida ya ziada. Ulaya kuna mmea wa ukoo wake, belladonna, ambao ni sumu kali. Mtu aliyekulia kule akiona mnavu alikuwa na sababu ya kuogopa.

Baada ya uhuru hali iliendelea. Mwaka 1967 kilitoka kitabu cha G. W. Ivens juu ya magugu ya Afrika Mashariki na namna ya kuyadhibiti. Mwaka 1987 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likachapisha kitabu cha Terry na Michieka kwa lugha mbili, na jina lake kwa Kiswahili ni Magugu ya Afrika Mashariki. Ni kitabu kizuri, chenye picha, na mabwana shamba wengi wamekitumia. Mgagani umo. Mchicha wa kienyeji umo.

Mwaka mmoja tu baadaye, 1988, shirika hilo hilo la FAO likatoa kitabu kingine kikubwa juu ya mimea ya asili ya chakula kwa nchi kavu na za mvua ya wastani za Afrika Mashariki. Mgagani umo. Mchicha umo.

Kabati moja, vitabu viwili, mwaka mmoja kati yao. Kimoja kinakufundisha kuuua, kingine kinakufundisha kuupika. Simlaumu mtu. Kwenye shamba la mahindi la mtu anayeuza mahindi, mgagani unaoshindania mbolea ni gugu kweli. Kwa mama niliyemtaja mwanzoni, mmea ule ule ulikuwa chakula cha jioni. Ugugu hauko kwenye mmea, uko kwenye hesabu ya mwenye shamba. Mimi nilikuwa nimefundishwa hesabu moja tu.

MAHAME YALIPOPUNGUA

Wakati vitabu vinaandikwa, bustani zile zisizo na mpanzi zilikuwa zinapungua kimya kimya. Nataja mambo manne.

La kwanza ni mipaka ya hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti nayo yakatangazwa. Maeneo ambayo watu wa magharibi ya Serengeti waliyajua kwa majina ya mababu, na kuchuma huko majani, matunda na dawa, yakawa ndani ya mpaka. Sizungumzii hapa ubaya au uzuri wa hifadhi. Nasema tu kwamba mahame mengi ya zamani hayafikiki tena kwa mama mwenye kikapu.

La pili ni Operesheni Vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976. Watu walikusanywa kwenye vijiji vya barabarani. Nyumba zikasogea, mazizi ya zamani yakabaki mbali.

La tatu ni watu kuongezeka na plau kuenea. Boma halihami tena kwa sababu hakuna pa kuhamia. Hame likipatikana linalimwa mahindi mwaka huo huo.

La nne ni la juzi: dawa za kuua magugu. Lita moja ya dawa inafanya kazi ya siku nyingi za palizi, na simlaumu anayeitumia, maana nguvu kazi ni ghali. Lakini dawa haichagui. Mama aliyekuwa akipalilia kwa jembe aliacha mgagani, pampu ya mgongoni haiachi. Na usichume kamwe mboga kwenye shamba lililopigwa dawa, hata kama jani linaonekana bado bichi.

Basi hilo ndilo jibu la swali la "si inaota yenyewe?" Iliota yenyewe kwa sababu palikuwa na mahame, samadi na jembe la mkono lililochagua. Vitu hivyo vikipungua, nayo inapungua. Mbegu zake ndani ya udongo hazidumu milele.

WALIOIRUDISHA

Mabadiliko hayakuja kwa siku moja. Serikali yetu ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973, na mwaka 1975 kampeni ya redio ya Chakula ni Uhai iliwafanya watu wengi waongee juu ya mlo bora. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha kazi aliyoifanya Lushoto, akaonyesha kwamba majani ya kuchuma yalikuwa sehemu kubwa ya kitoweo cha kaya za kule. Wataalamu waliokuwa wakihesabu kabichi tu walikuwa wameiruka sahani yenyewe.

Mwaka 1992 Kituo cha Mboga cha Dunia, chenye makao makuu Taiwan, kilifungua ofisi yake ya Afrika pale Tengeru, Arusha. Huko mbegu za mboga za asili zilikusanywa, zikapandwa mistari kwa mistari, zikalinganishwa. Mwaka 1997 wataalamu Chweya na Mnzava walitoa kitabu kizima juu ya mgagani peke yake. Baadaye zikatoka aina zilizochaguliwa ambazo baadhi yenu mmeziona kwenye maduka ya pembejeo: mnavu wa Nduruma na Olevolosi, mchicha wa Madiira. Mwaka 2002 Ruffo, Birnie na Tengnäs walitoa kitabu kikubwa cha mimea pori inayoliwa Tanzania. Mwaka 2004 utafiti wa Weinberger na Msuya ulionyesha kwamba kaya maskini nchini hutegemea mboga za asili zaidi kuliko kaya zenye uwezo.

Jirani zetu wa Kenya walikwenda kwa njia yao. Profesa Mary Abukutsa-Onyango alikulia magharibi ya Kenya. Utotoni mwili wake ulikataa nyama, maziwa, mayai na samaki, kwa hiyo alilelewa kwa mboga za bibi na mama. Akaja kuwa mtaalamu wa kilimo cha bustani, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatafiti mboga hizo hizo, Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi. Patrick Maundu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzake nao waliandika majina, mapishi na matumizi ya mimea ya asili. Ndani ya miaka michache saga na managu vikaingia kwenye maduka makubwa ya Nairobi, na wakulima wa Kisii, ng'ambo tu ya mpaka wetu, wakawa wanaijaza miji kwa mboga ambazo bibi zao walizichuma bure.

KILICHOBADILIKA MMEA ULIPOINGIA TUTANI

Hapa ndipo wengi wanakwama. Mmea ulioota wenyewe miaka yote, ukiupanda kwa adabu zote, unakataa. Mkulima anasema mbegu mbovu. Mara nyingi si mbovu. Ina tabia za hame bado.

Mgagani. Mbegu iliyovunwa juzi hulala. Hame lilikuwa na subira, mbegu zilisubiri hadi mvua ya mwaka uliofuata. Wewe pia subiri: hifadhi mbegu pakavu karibu miezi 6 kabla ya kupanda. Ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu. Panda moja kwa moja kwenye tuta, kina cha sentimeta 1, mistari ya sentimeta 30, kisha punguza miche ibaki sentimeta 10 hadi 15. Wale uliong'oa, pika. Usiuoteshe kitaluni, mzizi wake mkuu haupendi kuhamishwa. Kata ncha mapema na ondoa maua, la sivyo utatoa mbegu kabla hujala. Ukikosa maji unakimbilia kuchanua.

Mnavu. Huu unakubali kitalu. Hamisha miche ikiwa na urefu wa sentimeta 10 hadi 15. Vuna kwa kukata shina, ukiacha sentimeta 10 au 15 kutoka chini lichipue tena. Mbegu zimo ndani ya tunda lililoiva: ponda, loweka usiku mmoja, osha, anika kivulini. Matunda mabichi ya kijani yasiliwe.

Mlenda. Ganda la mbegu ni gumu. Funga mbegu kwenye kitambaa, chovya kwenye maji yaliyotoka kuchemka kwa sekunde 10 tu, anika, kisha panda.

Zote zinataka samadi iliyooza vizuri. Kumbuka zilikotoka. Tuta lisilo na samadi si hame, na mboga italijua hilo siku ya kwanza.

Onyo moja la kweli. Kwenye mazizi ya zamani huota pia mnanaha, wenye maua meupe kama tarumbeta na tunda lenye miba. Ukiwa mchanga unaweza kuchanganywa na mboga, hasa na watoto wanaotumwa kuchuma. Ni sumu. Ponda jani unuse, lina harufu mbaya nzito. Usiyemjua, muulize bibi kabla hujamtia chunguni. Hii nayo ni sababu ya kupanda: kwenye tuta unajua ulichopanda.

Jikoni, msimwage maji yote ya kuchemshia, sehemu ya vitamini inakwenda nayo. Ukali wa mgagani bibi zetu waliutuliza kwa maziwa, na walikuwa na haki, mafuta ya maziwa husaidia mwili kupokea vitamini A. Magadi mengi kwenye mlenda huharibu vitamini C. Kamulia ndimu mezani, husaidia mwili kuchukua madini ya chuma.

NANI ATAFAIDIKA?

Nimeeleza faida, sasa niseme linalonisumbua.

Mmea wa hame haukuwa na mwenyewe. Mjane asiye na shamba aliweza kuomba kuchuma mnavu katikati ya mahindi ya jirani, na jirani akaona ni msaada wa palizi. Mmea huo ukiingia kwenye tuta, ukapata bei, unapata na mwenyewe. Anayeuchuma bila ruhusa sasa ni mwizi. Nimeona pia, zaidi ya mara moja, bustani ya mboga iliyokuwa ya mama ikihamia mikononi mwa baba msimu ule ule ilipoanza kuleta hela. Mboga ilikuwa ya mama wakati haikuwa na thamani.

Kuna na mbegu. Waliozitunza vizazi vyote ni wanawake, kwenye kibuyu juu ya moshi wa jiko. Leo kijana ananunua pakiti. Pakiti ni nzuri, aina zilizochaguliwa zina majani mapana na hazikimbilii kuchanua. Lakini pakiti ikikosekana dukani, na kibuyu kimekwisha kuwa kitupu, tutarudi wapi? Mahame hayapo tena kutusubiri.

Kwa hiyo sisemi tuache kupanda. Nasema tupande bila kusahau tulivyofika hapa.

CHA KUFANYA MSIMU HUU

1. Kabla mvua hazijaanza, chagua kona karibu na zizi, tuta moja la mita 1 kwa 5. Linatosha kuanzia. Wa Tarime juu kwenye baridi anzeni na mnavu. Wa Serengeti kwenye joto na mvua chache anzeni na mgagani na mlenda.

2. Acha mimea 10 iliyo bora isivunwe majani. Hiyo ni ya mbegu. Chagua yenye majani makubwa na iliyochelewa kuchanua. Kata maganda ya mgagani yakianza kuwa manjano, kabla hayajapasuka.

3. Tunza mbegu za kienyeji na za dukani kwenye vyombo tofauti, andika jina na mwezi.

4. Kikundi kinachotaka kuuza mbegu, si kutumia nyumbani tu, kianze kwa kuuliza ofisi ya kilimo ya wilaya juu ya mbegu za daraja la kuazimiwa ubora na utaratibu wa TOSCI. Usiuze mbegu kienyeji ukaja kupata matatizo.

5. Ukitumia dawa ya magugu, acha ukanda usiopigwa, na uwaambie wanaochuma uko wapi.

6. Hela ya tuta la mama ibaki ya mama. Hili halimo kwenye kitabu chochote cha kilimo, lakini nimeona bustani nyingi zikifa kwa kulikosa kuliko kwa wadudu.

Kuhusu yule mama wa Tarime: nilirudi msimu uliofuata, nikamwomba anifundishe. Alinionyesha mmea mmoja aliokuwa ameufunga uzi mwekundu ili mtu asiuchume. "Huu ni wa mwakani," akasema. Mbegu nilizopewa siku ile ndizo nilizoanzia bustani yangu, na hadi leo kila msimu nafunga uzi.

Kama nyumbani kwenu bibi bado yupo, usimalize wiki hii bila kumuuliza anaziitaje mboga hizi, anazikuta wapi, na kibuyu cha mbegu kiko wapi. Makala ijayo tutaangalia wadudu mafuta kwenye mnavu na namna ya kuwadhibiti kwa majivu na sabuni.

Kilimo chema.